Nyumba ya Mama Katharina: Somo la Ndoa, Matumizi na Wosia



Somo la robo hii limeandaliwa kwa ajili ya jumuiya za nyumba kwa nyumba pamoja na kamati za uwakili na diakonia katika sharika zetu. Ndugu zetu wafadhili nao tunawakaribisha kulisoma, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi wanayotuwezesha kuifanya, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, hifadhi ya mazao na msaada kwa wajane, mwisho wake huonekana ndani ya nyumba, kati ya mume na mke, na siyo katika taarifa tunazowatumia. Kabla ya kuendelea, kiongozi wa jumuiya asome Mithali 31:10-31 na Luka 14:28-30.

Tarehe 13 Juni 2025 ilitimia miaka 500 tangu Martin Luther alipofunga ndoa na Katharina von Bora katika mji wa Wittenberg, Ujerumani. Sisi Walutheri humtaja Luther kila mwaka ifikapo Oktoba 31, na watoto wa Kipaimara hukariri Katekisimu yake. Lakini ukiwauliza wanausharika habari za mke wake, wengi watajua tu kwamba alikuwa mtawa. Ni kweli alikuwa mtawa. Usiku wa Pasaka mwaka 1523 alitoroka na wenzake kumi na mmoja katika nyumba ya watawa ya Nimbschen, wakisaidiwa na mfanyabiashara wa Torgau aliyezoea kupeleka bidhaa pale kwa gari la farasi. Watawa tisa kati yao walifika Wittenberg bila mahari, bila ndugu wa kuwapokea na bila kazi. Luther alihangaika kuwatafutia waume au makazi. Wa mwisho kubaki alikuwa Katharina, naye ndiye akawa mke wa Luther mwenyewe. Bwana alikuwa na miaka 41, bibi 26.

Jambo ninalotaka tulitazame ni jinsi nyumba ile ilivyoendeshwa, maana kwa upande wa fedha Luther hakuwa mtu wa kuigwa. Nasema hivi kwa heshima zote. Aliandika vitabu vilivyouzwa kote Ujerumani, lakini hakupokea malipo yoyote kwa wachapishaji. Ombaomba akifika mlangoni, alitoa kilichokuwepo. Yeye mwenyewe alikiri kwamba kabla ya kuoa kitanda chake kilikaa mwaka mzima bila kutandikwa. Mwanzoni mwa mwaka 1527, hata miaka miwili ya ndoa haijaisha, alikuwa na deni la zaidi ya gulden 100, na vikombe vitatu vya fedha vilikuwa vimewekwa rehani. Mshahara aliopewa na mtawala wa Saksonia baada ya kuoa ulikuwa gulden 200 kwa mwaka. Kwa hiyo deni lile lilikuwa zaidi ya nusu ya mshahara wa mwaka mzima. Akina baba wenye mikopo ya mishahara wataelewa haraka hesabu hiyo.

Basi Mama Katharina alifanya nini? Nyumba waliyopewa ilikuwa monasteri ya zamani ya Waagostino, kubwa, yenye vyumba vingi vilivyochakaa. Mwingine angelia kwamba nyumba kubwa ni mzigo. Yeye alivikarabati vyumba akaweka wanafunzi wa chuo kikuu wanaolipa chakula na malazi. Akalima bustani ya mboga na matunda. Akafuga samaki katika bwawa, akafuga nguruwe, kuku na ng'ombe. Akatengeneza bia ya nyumbani, na kabla mzee wa kanisa hajakunja uso napenda kukumbusha kwamba katika Ulaya ya wakati ule bia nyepesi ilikuwa kinywaji cha kawaida mezani. Orodha ya kodi ya mwaka 1542 inaonyesha kwamba nyumba ile ilikuwa na ng'ombe 5 na ndama 9, mbali na nguruwe na mbuzi. Mwaka 1540 walinunua kwa kaka yake shamba la Zülsdorf kwa gulden 610, na Katharina alisafiri mara kwa mara kwenda kulisimamia. Luther alizoea kumtania kwa kumwita "Bwana Käthe". Ulikuwa utani, lakini ulikuwa pia ukweli, kwa sababu mkuu wa idara ya fedha katika nyumba ile alikuwa mama.

Hatuambiwi kwamba Luther alipenda kila uamuzi. Alipotumiwa gulden 20 za pongezi ya harusi na Askofu Mkuu Albert wa Mainz, ambaye alikuwa mpinzani wake, Luther aliamuru zirudishwe. Katharina akazipokea. Inasimuliwa pia kwamba safari moja Luther alitaka kumpelekea rafiki yake chombo cha thamani kuwa zawadi ya harusi, na katika barua hiyo hiyo ikabidi aongeze kwamba mke wake amekificha.

Nikisoma habari hiyo najicheka, maana nyumbani kwangu kichwa cha habari kama hicho kimewahi kuandikwa.

Mwaka 2015 nilichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya binamu yangu. Kila mmoja wetu anajua mwenyekiti hawezi kuahidi mchango mdogo. Niliahidi shilingi 500,000 mbele za watu, nikapigiwa makofi, nikarudi nyumbani nikiwa sina hata laki moja. Sikumwambia mama watoto. Nilikwenda kwa mkopeshaji mmoja mjini nikakopa, nikaacha kadi yangu ya benki mikononi mwake, na riba yake ilikuwa ya mwezi kwa mwezi. Harusi ilifana. Januari ilipofika, mtoto wetu wa pili alirudishwa nyumbani kwa sababu ya ada. Mke wangu akaniuliza kwa upole kabisa, "Baba, mshahara umekwenda wapi?" Nikajibu kwamba umechelewa. Jioni ile ile meseji ya mkopeshaji iliingia kwenye simu niliyokuwa nimeiacha mezani.

Ilinichukua miezi kumi na minne kumaliza lile deni. Lakini fedha haikuwa sehemu ngumu. Kilichokuwa kigumu ni kwamba kwa muda mrefu nikisema jambo lolote, hata la kweli, mke wangu alinyamaza kwanza, akanitazama, ndipo akaitika. Mimi ni mratibu wa miradi, nawafundisha watu utunzaji wa daftari la kikundi, na nyumbani kwangu hakukuwa na daftari.

Siku hizi tunalo. Ni daftari la kawaida la shule, la kurasa 96. Jumapili jioni baada ya chakula tunakaa mezani, tunaandika kilichoingia na kilichotoka, pamoja na nauli, vocha na sadaka. Mara ya kwanza tuligombana, mara ya pili tukagombana kidogo. Tuliwekeana utaratibu kwamba mchango wowote unaozidi kiasi tulichokubaliana hauahidiwi kikaoni, aliyeombwa anasema, "Nitakwenda kuzungumza na mwenzangu." Wengine wamenicheka kwamba nimekaliwa. Nimekubali kuchekwa.

Naomba jumuiya zisilipite jambo hili la michango haraka. Kutoa ni neema, na kusaidiana katika harusi na misiba ni desturi njema iliyotulea. Lakini kamati za usharika zinajua nyumba ambazo zimeuza mbuzi wa ada ili kulipa ahadi ya sherehe. Zinajua pia mikopo ambayo watu wenyewe wameibatiza jina la kausha damu, ile ya marejesho ya kila siku au kila wiki, ambayo akina mama wengi huichukua kwa siri na siku ya marejesho hujificha uvunguni au shambani. Sasa imeongezeka mikopo ya kwenye simu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya kukopesha mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Kwa upande wetu tunaendelea kushauri vikundi vya VICOBA, ambako fedha hukaa kwenye kisanduku chenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, na riba anayolipa mkopaji hurudi kwa wanakikundi wenyewe. Vikundi vikumbuke pia kwamba tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vinatakiwa kusajiliwa. Lakini hata VICOBA haiponyi nyumba yenye siri. Tumeona mume na mke walio katika vikundi viwili tofauti, kila mmoja akikopa bila mwenzake kujua, na wote wawili wakitegemea gunia moja la mahindi kulipa.

Hilo gunia nalo lina habari yake. Katharina alijitahidi watu wa nyumba yake wale kutoka shamba lao wenyewe, wasitegemee bei za sokoni Wittenberg, na huu ndio ubanaji wa matumizi wenye maana kuliko kununua sabuni ya bei rahisi. Katika sharika zetu za ukanda wa tambarare, familia nyingi huuza mahindi mara baada ya kuvuna, Julai na Agosti, wakati kila mtu anauza na bei iko chini. Kufika Januari na Februari wananunua mahindi yale yale kwa bei ya juu, na mara nyingi kwa fedha ya mkopo. Ukiwauliza kwa nini, watakutajia ada, halafu watakutajia dumuzi. Na wana haki. Mdudu huyu, ambaye wengine humwita Skania, asili yake ni Amerika ya Kati, na aligunduliwa kwa mara ya kwanza barani Afrika katika mkoa wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Akiingia ghalani, baada ya miezi michache unabaki na unga usiofaa hata kwa kuku.

Dawa ya gharama nafuu ipo. Ni mfuko wa tabaka tatu, mbili za ndani zikiwa za nailoni nene na ya nje ikiwa kiroba cha kawaida. Mahindi yakaushwe vizuri kwanza, maana yakiwa na unyevu yataota ukungu humo ndani, na ukungu ule ni sumu. Kisha kila tabaka lifungwe peke yake kwa kukazwa. Wadudu waliomo hutumia hewa iliyobaki, hewa ikiisha wanakufa, na hapahitajiki sumu ya unga. Mfuko usipotobolewa na panya au kucha za watoto unatumika zaidi ya msimu mmoja. Tunachoomba kamati za diakonia zifanye ni hesabu rahisi: chukueni bei ya debe ya Agosti mahali penu, chukueni bei ya Februari, toeni gharama ya mfuko, muone kilichobaki. Hesabu ifanywe na mume na mke wakiwa wamekaa pamoja, kwa sababu mifuko tuliyogawa mwanzoni katika mtaa mmoja ilifunguliwa kabla ya Krismasi, na mwenye kuifungua alikuwa ndiye ambaye hakuhudhuria mafunzo. Kosa hilo lilikuwa letu. Tulialika akina mama peke yao, na tuliwaeleza wafadhili hivyo katika taarifa.

Turudi Wittenberg, kwa sababu sehemu iliyobaki ya habari hii ndiyo iliyonifanya nichague somo hili.

Luther na Katharina walizaa watoto sita. Elisabeth alifariki mwaka 1528 akiwa mchanga, na Magdalena alifariki Septemba 1542 akiwa na miaka kumi na mitatu, mikononi mwa baba yake. Wanaojua msiba wa mtoto wanajua kwamba ndoa nyingi hupasuka hapo, kila mmoja akilia upande wake. Wao waliendelea kulea watoto wanne waliobaki, pamoja na watoto wa ndugu na wageni wasiohesabika.

Mwaka huo huo wa 1542, mwezi Januari, Luther alikuwa ameandika wosia. Katika sheria za Saksonia za wakati ule mjane hakuwa mrithi wa nyumba na mashamba, na alipaswa kuwekewa wasimamizi. Luther akaandika kinyume chake, kwamba mke wake apewe mali na awe mlezi wa watoto. Alitoa sababu. Mke wake alikuwa mwaminifu kwake, madeni yaliyokuwepo angeyabeba yeye, na ni afadhali watoto waitazame mikono ya mama yao kuliko mama aitazame mikono ya watoto. Rafiki zake, akiwemo Melanchthon na Bugenhagen, waliweka sahihi. Lakini aliuandika mwenyewe bila kufuata taratibu za wanasheria, ambao hakuwapenda. Aliona jina lake linatosha.

Halikutosha. Luther alifariki tarehe 18 Februari 1546. Wosia ule ulipingika kisheria, wakubwa wa serikali wakataka nyumba ile kubwa ivunjwe na watoto wagawanywe, na mtawala alipoingilia kumsaidia mjane, bado wasimamizi waliwekwa. Kisha ikaja vita. Katharina alikimbia na watoto mara mbili, Magdeburg na baadaye Braunschweig, na aliporudi mwaka 1547 alikuta mashamba yameharibiwa na mifugo haipo. Alikopa, akaanza tena kupangisha vyumba. Mwaka 1552 tauni ilimfukuza Wittenberg. Njiani gari la farasi lilipata ajali, akaumia, na akafariki Torgau tarehe 20 Desemba. Kaburi lake lipo katika kanisa la Mt. Maria mjini humo. Mjane wa mtu mashuhuri kuliko wote katika kanisa letu alimaliza maisha yake akiomba misaada kwa barua.

Nilipoyasoma haya nilimkumbuka shangazi yangu. Mume wake alimpenda. Hilo hakuna aliyelikana hata siku ya baraza la ukoo. Alimwandikia kwenye karatasi ya daftari kwamba shamba la kahawa na nyumba ni vyake, akaikunja na kuiweka ndani ya Biblia. Haikuwa na shahidi hata mmoja. Baada ya matanga ndugu walisoma karatasi ile, wakasema hawajui mwandiko. Shangazi alibaki na nyumba, shamba likaondoka. Alikuwa amelipalilia kwa miaka ishirini na sita.

Sheria yetu si ile ya Saksonia, na wanausharika waijue. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Akina baba wanaokwenda kukopa kwa hati ya nyumba wakumbuke hilo, na wakopeshaji pia. Kifungu cha 114 kinahusu mgawanyo wa mali iliyochumwa pamoja ndoa inapovunjika. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali hiyo. Wengi hutaja uamuzi huo na kusahau mwisho wake: mama yule hata hivyo hakupata gawio alilodai, kwa sababu ilionekana alikuwa amepewa fedha kwa ajili ya mradi wa familia akazitumia vibaya. Kwa hiyo mahakama iliheshimu jiko, na papo hapo ikauliza habari za daftari.

Urithi ni jambo jingine, na hapo hatari ingalipo. Kanuni za sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 ziliandikwa kwa namna iliyomweka mjane kando katika mali ya mumewe, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba Tanzania ilikiuka haki za wajane wawili waliopeleka malalamiko yao. Mume anayempenda mke wake na kunyamaza anamwachia ukoo kazi ya kuamua. Wosia uandikwe, uwe na tarehe, sahihi na mashahidi wanaokubalika kisheria. Kwa kuwa masharti ya mashahidi hutofautiana kulingana na sheria itakayotumika, muulizeni mwanasheria au msaidizi wa kisheria wa wilaya kabla ya kuandika. Wosia unaweza kuhifadhiwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Usikunjwe ndani ya Biblia.

Najua wapo wanaoamini kwamba kuandika wosia ni kujitabiria kifo. Mzee mmoja aliniambia hivyo kwenye semina, na nikamwuliza kama kufunga mlango usiku ni kuwaita wezi. Alicheka, lakini hakuandika. Mwaka uliofuata aliandika, na alikuja na mke wake.

Kwa ajili ya mazungumzo katika jumuiya:

Je, katika nyumba zetu ni nani anayejua mapato yote ya mwezi, na ni nani anayejua madeni yote? Kama ni watu wawili tofauti, wanakutana lini?

Katharina alificha chombo cha thamani ili kisitolewe zawadi, nami nilificha mkopo. Kuna tofauti gani kati ya siri hizi mbili, au hakuna? Akina baba wajibu kwanza, kisha akina mama wajibu bila kukatizwa.

Kamati ya uwakili izungumze kama usharika unaweza kuweka kiwango cha juu cha mchango wa harusi kinachotangazwa kanisani. Usharika mmoja katika jimbo letu umejaribu. Walalamikaji walikuwa wengi, na waliolalamika zaidi walikuwa wenye uwezo.

Kamati ya diakonia iorodheshe wajane wa mtaa wake na kuandika, mbele ya kila jina, kama ana karatasi yoyote inayoonyesha haki yake katika nyumba anayolala. Orodha hizo ziletwe ofisi ya miradi kabla ya kikao cha robo ijayo, ili msaidizi wa kisheria aanze na mitaa yenye majina mengi.